Kahawa inakaangwa Kadutu, mezani kwa wakubwa kuna kopo la ng'ambo

BUKAVU — Ingia katika mkutano wowote mjini Bukavu, uwe wa serikali, wa shirika la maendeleo au wa parokia. Saa ya mapumziko ikifika utaona chupa za maji ya moto, sukari, vikombe, na katikati ya meza kopo la kahawa ya unga iliyotengenezwa ng'ambo. Pengine mkutano wenyewe umeitishwa ili kuzungumzia namna ya kuinua kahawa ya Kivu. Watu wanakoroga, wanakunywa, wanarudi ukumbini kusikiliza hotuba. Hakuna anayeona haya.

Si mbali na hapo, katika vijia vya Kadutu na Bagira, kuna nyumba zinazokaanga kahawa tangu enzi za bibi. Kahawa yao inatoka Idjwi, Kalehe au Kabare. Inafika kwa mtumbwi au boti hadi Muhanzi, au mgongoni kwa mama hadi soko la Kadutu. Inakaangwa juu ya makala, inatwangwa, inafungwa katika vifuko na kuuzwa. Kazi hiyo imelipa karo za shule, imetoa mahari, imezika wazee kwa heshima. Leo inakufa, na watoto waliopaswa kuirithi wanaendesha pikipiki za abiria.

Wakubwa wakiulizwa sababu, wanasema kwamba Wakongomani hawanywi kahawa, kwamba kahawa inayobaki mjini ni mbovu, na kwamba familia hizo hazina ujuzi wa kisasa. Majibu hayo matatu yanaficha jambo moja. Biashara hizi hazifi kwa uzee. Zinauawa, na wanaoziua ni walewale wanaozilipisha kodi asubuhi na kunywa kahawa ya kopo saa nne.

UJUZI UNAODHARAULIWA

Kwanza hilo la ujuzi. Kukaanga kahawa si kuunguza punje mpaka ziwe nyeusi. Mbabula haina kipimo cha joto, kwa hiyo mkaangaji anapima kwa macho, pua na masikio. Punje zinaanza kuwa za manjano na kunuka kama majani makavu, kisha zinakuwa za kahawia, kisha zinapasuka zikilia kama mahindi ndani ya sufuria. Hapo joto lake liko karibu na nyuzi 200. Akichelewa dakika moja au mbili, harufu nzuri inageuka moshi. Lazima azimwage kwenye lungo na kuzipepeta haraka, kwa sababu punje yenye moto inaendelea kujikaanga yenyewe hata ikiwa imetoka jikoni.

Ziko pia hesabu. Kahawa mbichi kilo 1 ikikaangwa inabaki gramu 800 hadi 850, kwa kuwa maji yanakauka. Mama anayeuza anajua hilo bila karatasi. Asingelijua, angepanga bei ya hasara na nyumba yake ingekuwa imefunga zamani. Ujuzi huo haukutoka katika semina. Mtoto anaanza kwa kushika lungo, anapokua anapewa mwiko, na siku moja mama anaondoka kwenda sokoni na kumwachia moto. Huo ndio mtihani, na anayeufaulu hapewi cheti.

Kuna jambo lingine ambalo wakubwa hawalitaji. Kahawa mbichi ikitunzwa mahali pakavu inakaa miezi mingi. Iliyokaangwa inaanza kupoteza harufu baada ya wiki chache, na ikishasagwa inapoteza upesi zaidi. Ndiyo maana wanunuzi wa Ulaya na Marekani wanachukua kahawa mbichi na kuikaanga kwao, karibu na mnywaji. Hawafanyi uchawi wowote. Ni akili ya mwoka mikate, anayeweka tanuru karibu na walaji. Kwa akili hiyohiyo, kahawa ya mnywaji wa Bukavu ilipaswa kukaangwa Bukavu. Hakuna kiwanda cha mbali kinachoweza kumpa mkaaji wa Kadutu kahawa iliyokaangwa jana. Jirani yake anaweza.

Faida ambayo mkaangaji wa mjini anayo juu ya kiwanda kikubwa ni hiyo moja, na imetoka kwa Mungu na jiografia. Kila mahali pengine duniani faida ya namna hiyo ingelindwa. Hapa inakanyagwa.

WALIVYONYANG'ANYWA

Dharau hii haikuanza jana. Mwisho wa karne ya 19, mbegu za kahawa zilichukuliwa upande wa Lusambo, pembeni ya mto Sankuru, zikapelekwa Brussels. Huko zikapewa jina la biashara, robusta, kisha zikasafirishwa hadi Java. Leo robusta inajaza sehemu kubwa ya makopo ya kahawa ya unga yanayouzwa duniani. Mkongomani anayenunua kopo hilo analipia mjukuu wa mti wa kwao, pamoja na nauli ya meli, bati na karatasi yenye rangi.

Kwa Kivu, arabika ililetwa na kupandwa katika mashamba ya wazungu. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, iliyogawia walowezi ardhi. Huko Mulungu, karibu na Bukavu, watafiti wa kikoloni waliichunguza arabika kwa miaka mingi. Wenyeji walichuma, walibeba, walichambua. Punje nzuri zilikwenda Ulaya. Katika nyumba nyingi za wakaangaji, wazee wanasimulia kwamba kazi ilianzia kwenye punje zilizokataliwa: bibi alizileta nyumbani katika kitambaa, akazikaanga, jirani akaonja, jirani akarudi na pesa. Biashara ya familia ilizaliwa kwenye masalio ya tajiri.

Uhuru ulikuja, na wengi waliamini kwamba sasa masalio yamekwisha. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza hatua za kunyang'anya wageni mashamba na maduka na kuyagawia raia wa Zaire. Waliogawiwa hawakuwa wachumaji, wala mama mwenye mbabula. Walikuwa watu wenye jamaa serikalini. Mashamba mengi yalikamuliwa kama ng'ombe asiyelishwa, kisha yakaachwa kuwa pori.

Hata hivyo, mwisho wa miaka ya 1980 nchi ilikuwa bado inauza nje zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa mafungu ya mauzo yalivunjika na bei ikaanguka. Ugonjwa wa kunyausha mibuni ulikausha robusta. Kisha vita vya 1996 na 1998 vikamaliza kilichobaki. Katika miaka ya 2010 takwimu rasmi zilikuwa zinazunguka kwenye tani 10,000 tu. Nyingine ilitoroka usiku. Wakulima wa Idjwi na wa kando ya ziwa waliivusha kwa mitumbwi kwenda Rwanda, ambako kulikuwa na mnunuzi na pesa taslimu. Wengi walizama ziwani pamoja na magunia yao, na wajane wao bado wanaishi kwenye vilima hivyo.

Ni kweli kwamba wakulima wamejiinua. SOPACDI ilianzishwa mwaka 2003 upande wa Minova, na vyama vingine vya ushirika vikafuata Kalehe, Idjwi na Kivu ya Kaskazini. Vimejenga vituo vya kuoshea kahawa, na kahawa ya Ziwa Kivu sasa inasifiwa na waonjaji wa nchi za mbali. Hongera kwao, kwa sababu wamewapunguzia watu safari za kifo ziwani. Lakini hata katika habari hiyo njema, mkaangaji wa Kadutu hayumo. Kahawa nzuri inapita mbele ya mlango wake ikiwa ndani ya gunia lililoshonwa, na yeye anarudishiwa masalio, kama bibi yake.

Tangu ukoloni mpaka leo, serikali inaihesabu kahawa mahali pamoja tu: mpakani. Ile inayonywewa na raia haimo katika vitabu. Kwa kuwa haimo katika vitabu, haina mtetezi. Inapokuja saa ya kutoza, hapo ndipo inakumbukwa.

MKAANGAJI MMOJA, WATOZAJI SITA

Familia inayokaanga kilo 20 kwa wiki haina tofauti kubwa na familia inayouza mandazi. Lakini siku inapoandika jina kwenye kifuko, inageuka kiwanda machoni pa watozaji. Anakuja mtu wa patente. Anakuja wa usafi. Anakuja wa mazingira, kwa sababu ya moshi. Anakuja wa mizani. Sokoni anangoja wa meza, na barabarani wa kizuizi. Mwingine ana karatasi yenye mhuri, mwingine ana sauti kubwa tu. Wote wanataka malipo kabla mama hajauza kifuko cha kwanza, na hakuna hata mmoja anayeweza kumwonyesha orodha moja inayosema kodi zote ni hizi na baada ya hizi hakuna nyingine.

Matokeo yanaonekana. Mwenye akili anatoa jina kwenye kifuko na kurudi gizani. Anauza kwa kikombe, kwa majirani, bila anwani. Halafu wakubwa wanasema biashara hizi si rasmi. Nani alizifukuza kwenye urasmi?

Sheria nzuri zipo. Sheria namba 11/022 ya tarehe 24 Desemba 2011, juu ya kanuni za msingi za kilimo, iliahidi kuwapunguzia wakulima mzigo. Mkaangaji mdogo, anayekipa kilimo hicho soko, anabaki kati ya viti viwili: haonekani mkulima wa kusaidiwa, wala hana uwezo wa kiwanda wa kujitetea.

Wanawake ndio walioumia zaidi, kwa kuwa kazi hii katika nyumba nyingi ni yao. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya mambo mengi ya kisheria. Kwa karibu miaka 30, mwanamke aliyejua kukaanga, kupima na kuuza hakuweza kwa jina lake mwenyewe kutia sahihi mkataba ambao ungemkuzia biashara. Mabadiliko ya Julai 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Lakini nenda kwenye dawati la ofisi yoyote uone: mara ngapi mama bado anaulizwa, "Baba yuko wapi?"

Kisha kuna umeme. Bukavu imekaa mahali mto Ruzizi unapotoka ziwani, penye bwawa la umeme tangu miaka ya 1950. Mto unatoa umeme kwa nchi tatu. Mama wa Kadutu anakaanga kwa makala, na makala yanapanda bei kila mvua inapoharibu barabara. Mashini ndogo ya kusaga ambayo kijana wake aliinunua kwa akiba ya miaka mingi inakaa kimya siku nyingi kuliko zile inazofanya kazi. Mtu anayemwambia familia hiyo "jiendelezeni" angeanza kwa kuwapa saa sita za umeme wa uhakika kwa siku.

WANAODAI KAHAWA NI YA KUUZA NJE

Wapo watakaosema kahawa ni zao la dola, na kila kilo inayonywewa nyumbani ni dola iliyopotea. Hoja hiyo inasikika vizuri ofisini lakini haisimami sokoni.

Hesabu ni nyepesi. Inahitajika kilo tano au sita za matunda mekundu ili kupata kilo 1 ya kahawa mbichi. Kilo hiyo ikikaangwa inabaki kama gramu 800. Kikombe kimoja cha kahawa kinataka kama gramu 10. Kwa hiyo kilo moja mbichi ni vikombe 80. Ikivuka mpaka ikiwa mbichi, nchi inalipwa bei ya kilo moja. Ikikaangwa na kunywewa hapa, inalipa mkulima, mwenye boti, mbebaji wa Muhanzi, muuza makala, mkaangaji, mshona vifuko na mwenye kijimgahawa, na pesa yote inazunguka palepale mjini. Na kopo la ng'ambo linalokosa mnunuzi ni dola ambayo haikutoka.

Hakuna anayeomba magunia ya vyama vya ushirika yazuiwe. Wakulima wauze nje, na wauze kwa bei ya juu. Lakini Ethiopia inauza nje kahawa nyingi kuliko Kongo na bado watu wake wanakunywa karibu nusu ya kile wanacholima. Brazil, inayolima kuliko wote duniani, ni miongoni mwa nchi zinazokunywa zaidi. Soko la nyumbani halikuwaua hao. Limewapa mahali pa kusimama kila bei ya ng'ambo inapoanguka. Mwaka 1989 mkulima wa Kivu hakuwa na mahali hapo, ndiyo maana alianguka chini kabisa.

Na hilo la Wakongomani kutokunywa kahawa? Mtu atazoeaje kunywa kahawa nzuri mahali ambapo nzuri yote inashonwa kwenye gunia na kuondoka? Mpe mkaaji wa Bukavu kahawa ya Idjwi iliyooshwa vizuri, ikakaangwa juzi na kuchemshwa leo, halafu umuulize tena. Waswahili wanasema chema chajiuza. Kweli, ila kinajiuza kikiwekwa sokoni.

FAMILIA NAZO ZIJIREKEBISHE

Kutetea wakaangaji si kuwafunika makosa. Wapo wanaochanganya kahawa na mahindi au soya iliyoungua ili kifuko kijae. Huo ni wizi. Anayefanya hivyo anaua jina ambalo bibi yake alilijenga kwa miaka 40, na anawafukuza wanywaji kwenda kwenye kopo. Kuuza mchanganyiko si kosa kama kifuko kinasema ni mchanganyiko. Kosa ni kuuita kahawa.

Wapo wanaokaanga mpaka punje zinakuwa makala, ili uchungu ufiche ubovu. Wapo wanaoacha kahawa kwenye jua na vumbi siku nzima, halafu wanashangaa kwamba haina harufu.

Na kubwa kuliko yote, nyumba nyingi hazina daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mama akifariki, hakuna anayejua nani anadaiwa, nani alikuwa analeta kahawa kutoka Kalehe, kwa bei gani na kwa masharti gani. Wajomba na baba wadogo wanagawana sufuria, kinu na mizani kama vyombo vya jikoni. Binti aliyekuwa anashika mwiko miaka kumi anaambiwa ataolewa, kwa hiyo hana haki. Sheria ya nchi inasema watoto wanarithi bila ubaguzi wa mke na mume. Desturi ya kikao cha msiba inasema vingine, na biashara ya vizazi vitatu inafia hapo, siku ya arobaini.

Hilo si kosa la mtozaji yeyote. Familia inayotaka heshima ya serikali ianze kwa kumheshimu binti yake aliyeshika moto.

KINACHODAIWA

Madai ya wakaangaji si makubwa, na mengi hayahitaji mfadhili.

Jimbo na mji watoe orodha moja ya kodi kwa wakaangaji wadogo, ibandikwe sokoni kwa Kiswahili, ilipwe mahali pamoja mara moja kwa mwaka. Atakayekuja na karatasi nje ya orodha hiyo aitwe mwizi kwa jina lake.

Ofisi za serikali, mashirika, shule, hospitali na parokia zinunue kahawa iliyokaangwa hapa kwa mikutano yao. Hakuna sheria mpya inayohitajika, ni uamuzi wa mtu anayetia sahihi karatasi ya manunuzi. Shirika linaloandika ripoti juu ya mnyororo wa thamani wa kahawa huku likinywesha wageni wake kopo la ng'ambo limejipinga lenyewe kabla ya ukurasa wa kwanza.

Vyama vya ushirika viweke fungu la kahawa nzuri kwa ajili ya wakaangaji wa mjini, kwa bei inayojulikana. Si masalio. Magunia machache kila msimu yanatosha kuanza, na chama kitapata mnunuzi asiyehitaji meli.

Wanaofundisha uonjaji na usafi wawafuate wakaangaji kwenye nyumba zao, wafundishe kwa Kiswahili au Mashi, na wawasikilize pia. Mtu aliyekaanga miaka 30 bila kipimo cha joto ana mengi ya kusema.

Na kila familia ifungue daftari, iandike jina la mrithi, na isichanganye.

Mcheza kwao hutunzwa, wanasema wazee. Mkaangaji wa Bukavu amecheza kwao vizazi vitatu, katika ukoloni, katika Zaire na katika vita, na hajatunzwa na mtu. Haombi kupigiwa makofi. Anaomba aachwe afanye kazi, na ile kahawa nzuri inayopita mbele ya mlango wake isimame hapo kidogo. Mkaaji asiyetaka kungoja serikali anaweza kuanza wiki hii: aende Kadutu, aulize nyumba inayokaanga iko wapi, anuse, anunue kifuko kimoja. Kama ni kizuri, arudi. Kama ni kibaya, amwambie mama ukweli mbele yake, kwa adabu, kama mtu anavyomwambia mtu wa kwao.